Muwasho

Tulipohamia Mbagala, wilayani Temeke, mwanzoni mwa mwaka 2013, binti yetu alikuwa na umri wa miaka minne na ngozi isiyo na doa. Mama yake anayo bado picha ya siku ile: mtoto kakaa juu ya godoro lililokunjwa, mbele ya mlango ambao haujapata kufuli, na uso wake unang'aa kwa mafuta ya nazi. Baada ya miezi saba picha ile iligeuka ushahidi. Kila tulikokwenda kutafuta dawa tuliibeba, ili yule atakayemtazama ajue kwamba mtoto huyu hakuzaliwa hivi.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Ualimu ndio ulionivusha bahari. Nyumba tuliyopanga ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka Rangi Tatu, kule ambako Barabara ya Kilwa huanza kulisahau jiji. Pale zamani palikuwa mashamba, na mashamba hayajaondoka yote: nyumba zimejipenyeza baina ya miembe na mikorosho ambayo wenyewe hawakuwa na moyo wa kuikata. Uani kwetu palikuwa na mwembe mmoja mkubwa, wa maembe madogo yenye nyuzi, matamu kupita kiasi. Nyuma ya ua wa makuti aliishi bibi mmoja mjane, mwenyeji wa upande wa Mkuranga, ambaye riziki yake ilikuwa korosho. Zilimjia ghafi katika viroba. Akizikaanga katika karai kuukuu lililotobolewa matundu, juu ya kuni, hata maganda yakashika moto yenyewe na kutoa moshi mweusi, mzito, wenye kuchoma macho. Kisha akizimwagia mchanga, akizipoza, akiketi juu ya kigoda kuzibangua kwa rungu dogo, moja baada ya moja. Jioni alizifunga katika vifuko na kuzipeleka kituoni kwa wasafiri.

Binti yetu alimwita Bibi wa Uani, na kwa hakika ndiye bibi pekee aliyekuwa karibu naye, maana mama zetu wote wawili walikuwa ng'ambo, visiwani. Palikuwa na upenyo katika ule ua wa makuti, wenye kimo cha mtoto. Alasiri nyingi alitokomea humo, na sisi tulisikia sauti yake upande wa pili, akihesabu: moja, mbili, tatu, tano. Bibi wa watu hakumsahihisha.

Vipele vya kwanza vilitokea mwezi Agosti. Vilikuwa vidogo, vimesongamana, vyenye maji, vikikaa zaidi kwenye ncha za vidole, pembeni mwa midomo na juu ya kope. Vilipasuka, vikatoa maji, vikakauka kwa gamba. Baada ya wiki mbili vikaondoka na kuacha mabaka meusi. Tukashukuru. Wiki tatu hazikupita, vikarudi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda wa mwaka na zaidi: vinakwenda, vinarudi, bila ya kufuata mwezi wala mvua.

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa taa na kwa ngozi: taa huwashwa, na ngozi huwasha. Jambo hili nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwa miaka, kama kichekesho cha lugha, nami mwenyewe sijapata kulifikiri. Usiku mmoja nilikuwa nimeishika mikono yote miwili ya mtoto ili asijikune, kwa kuwa tayari alikuwa amejitoa damu kwenye shavu. Akanitazama akaniambia, "Baba, izime." Sikuwa na la kuizimia.

Lugha yetu si maskini wa majina ya maradhi ya ngozi. Tunayo harara, tunayo ukurutu, choa, mba, upele, malengelenge, tetekuwanga, surua. Na kila jina kati ya haya lilitamkwa juu ya uso wa mtoto wetu na mtu aliyekuwa na yakini kabisa. Nimekuja kuona kwamba shida yetu haikuwa uchache wa majina. Jina lilitangulia, macho yakafuata nyuma. Aliyesema harara alikuja na liwa. Aliyesema choa alikuja na shubiri. Mama mwenye nyumba alisema ni joto la damu na akatuchemshia majani ya mwarobaini, ambayo mtoto aliyaogea kwa siku tisa na kunuka uchungu hata kwenye nywele. Muuza dawa mmoja wa barabarani, bila ya kunyanyuka kwenye kiti chake, alitupa kijitubu cha malhamu. Malhamu ile ilifanya kazi kwa namna ya kushangaza: ndani ya siku tatu uso ulikuwa laini. Tukainunua tena, na tena, na tena. Hatukujua kwamba ndani yake mlikuwa na steroidi kali iliyochanganywa na dawa ya fangasi, na kwamba dawa ya namna hiyo ikipakwa muda mrefu juu ya uso wa mtoto huikonda ngozi, huipausha, na huiacha dhaifu kuliko ilivyokuwa. Nimewaona watoto wengi wa mitaa ile wenye mashavu yaliyopauka namna hiyo. Aghalabu ni watoto wanaopendwa, ambao wazazi wao hawakukaa kimya.

Kisha tulimnyima chakula. Mtu alisema ni mzio wa samaki, na neno hilo, mzio, lilikuwa na heshima ya kitabibu, tukalishika. Mtoto wa watu wa visiwani alikaa miezi mitano bila ya kuonja samaki, pweza wala dagaa. Baadaye tukaondoa mayai, kisha maziwa. Alikonda. Mke wangu alikuwa akipika wali mkavu kwa mboga za majani huku akilia, na mimi nikijifanya kusahihisha madaftari. Vipele havikujali. Vilikuja juu ya mtoto aliyekonda kama vilivyokuja juu ya mtoto aliyenenepa.

Lipo jambo jingine ambalo nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa wazazi waliolipitia wanalijua. Vipele visivyokwisha juu ya mtoto, kwa miaka ile, vilikuwa vikisomwa kwa namna moja tu, hata kabla hujafungua mdomo. Katika zahanati ya kwanza tulishauriwa tupime virusi vya UKIMWI, sisi wawili na mtoto. Ushauri ulikuwa wa haki, tukapima, majibu yakawa salama. Lakini foleni ile ilikuwa ndefu, na majirani wawili walikuwamo ndani yake.

Mwezi Agosti mwaka 2014 alikuja shangazi yangu kututembelea. Ni mwanamke mwenye akili, simsemi kwa dharau. Kwa muda wa wiki moja alifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya kwa mwaka mzima: alikaa kwenye mkeka, akamtazama mtoto kutoka asubuhi hadi magharibi. Mwisho wa wiki aliniita chumbani. Akaniambia kuwa vipele vinakuja baada ya mtoto kwenda nyuma ya ua. Si siku ile ile, akasema, bali baada ya siku moja au mbili, "ndiyo maana hamkuona." Na akamaliza kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyangoja kwa hofu: yule ni mjane, hakubakiwa na mjukuu hata mmoja, na jicho lake limemganda mtoto wako. Kijicho, baba. Kampende huko huko alikompendea.

Mimi ni msomi, au hivyo ndivyo karatasi zangu zinavyosema. Nilimjibu shangazi kwamba hayo ni mambo ya kale. Kesho yake niliuziba upenyo kwa kipande cha bati, nikakigongomea misumari minne. Nilijiambia kuwa naziba ili mtoto asichomwe na moto wa karai. Bibi alikuwa upande wa pili, kimya. Mlio wa rungu lake ulikuwa umesimama.

Na vipele vikaondoka! Septemba ilipita, Oktoba ikapita, na uso wa mtoto ukarudi kufanana na ule wa kwenye picha. Shangazi alikuwa amekwisha kurejea Unguja, lakini kabla ya kuondoka alikuwa amezungumza na wanawake wenzake bombani, na neno likishatoka bombani halina njia ya kurudi. Watoto wa nyumba tatu zaidi walikatazwa kupita kwa bibi. Kituoni, mke wangu alimsikia kijana mmoja akimwambia abiria asinunue zile, anunue za yule pale.

Huenda tungeishi na uongo ule mpaka leo, na tungeapa kwa macho yetu wenyewe kwamba ni kweli, maana tulikuwa na ushahidi wa miezi miwili. Kilichotuokoa ni mwembe. Mwezi Novemba maembe yalianza kukomaa, mwezi Disemba yakawa yanaanguka usiku juu ya bati la jiko kama mawe. Binti yetu, aliyekuwa na miaka mitano sasa, aliyaokota na kuyang'ata kwa maganda yake, akitoboa tundu kwa meno na kunyonya, kama tulivyofanya sote utotoni. Wiki ya pili ya Disemba midomo ilivimba, vipele vikazunguka kinywa kama pete, kope zikafunga. Havijapata kuwa vibaya kiasi kile. Na bibi hakuwapo. Alikuwa Mkuranga tangu mwisho wa Oktoba, kwenye mavuno ya korosho ya ndugu zake. Nilimpigia shangazi simu. Akasema jicho halina nauli.

Safari hii hatukwenda kwa muuza dawa. Mwalimu mwenzangu alituelekeza kwa tabibu mmoja, mwanamke, aliyekuwa amesomea maradhi ya ngozi katika kituo cha mafunzo kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, mjini Moshi. Kituo hicho kilianza mwaka 1992 na hufundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, ili ujuzi wa ngozi usikae mikononi mwa madaktari bingwa wachache wa mijini. Nilitoa ile picha kama kawaida yangu. Hakuitazama. Aliichukua mikono ya mtoto, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza: "Hizi kucha zimepata nini zamani?"

Kwenye pembe za kucha mbili za mkono wa kulia palikuwa na weusi uliofifia, kama wino wa zamani. Tuliuona siku zote tukadhani ni uchafu wa mtoto wa mchangani. Tabibu akauliza anacheza wapi, na nani, na nini. Hakuuliza amekula nini. Mke wangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: alikuwa akicheza kwa jirani, lakini sasa hachezi. Jirani anafanya kazi gani? Anabangua korosho. Na nyumbani kwenu mna mti gani?

Tulipotaja mwembe, aliweka kalamu chini.

Yaliyofuata aliyaeleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyaeleza mara nyingi. Mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja katika elimu ya mimea. Baina ya tabaka mbili za ganda la korosho mna mafuta meusi, makali, yanayobabua ngozi; hata moshi wa maganda yanayoungua huweza kuyabeba na kuyatua juu ya kope. Utomvu wa mwembe na ganda la embe vina kitu cha jamii hiyo hiyo, ingawa ni hafifu zaidi. Watu wengi hukigusa maisha yao yote bila ya madhara makubwa. Lakini miili mingine, baada ya kukutana nacho, hukifanya adui na kukikumbuka. Na mwili uliojifunza uadui kwa korosho humtambua nduguye embe hata siku ya kwanza. Mtoto wetu, kwa maneno mengine, alisoma kwa bibi na kufanya mtihani chini ya mti wetu wenyewe.

Nikauliza juu ya zile siku mbili. Hapo ndipo alipotabasamu. Mzio wa aina hii, alisema, hauji papo hapo. Mkono hugusa leo, na ngozi hujibu kesho, au keshokutwa, au siku ya tatu. Mzio wa chakula unaokuja kwa dakika chache ni jambo jingine. Ndiyo maana wazazi hulaumu kile walichokipika jana jioni. Alituonya pia tusichanganye mambo: punje ya korosho iliyokwisha kubanguliwa na kumenywa vizuri mtoto alikuwa akiila bila ya tatizo, na angeendelea kuila. Na samaki? Akatutazama kwa mshangao. Mpeni samaki.

Siku ile jioni tulinunua changu wa elfu nane. Sijapata kuona mtoto akila namna ile.

Baadaye nilisoma zaidi, kwa uchungu wa mtu aliyechelewa. Nilisoma kwamba mkorosho (sisi wengine huuita mbibo, wengine mkanju) uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na kwamba mwembe ulitufikia kutoka upande wa India. Ndugu wawili waliopotezana, wakakutana katika mchanga wa pwani yetu kwa njia ya jahazi na merikebu. Nilisoma kuwa huko Marekani upo mtambaa wa porini wa ukoo huo huo, wenye majani matatu matatu, unaowababua watu kwa maelfu, na kuwa mafundi wa Japani wanaopaka vyombo rangi ya kung'aa huipata rangi yao kutoka mti wa ukoo huo, nao huanza ufundi kwa kuvimba mikono. Nilisoma pia kwamba mafuta ya ganda la korosho hutafutwa viwandani kwa ajili ya rangi na breki za magari. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huvuka bahari zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, maganda na mafuta ndani yake, zikababue mikono ya wanawake wa huko. Zile chache zinazobaki hubanguliwa na kina bibi.

Jambo lililonikosesha usingizi, hata hivyo, halikuwa la elimu ya mimea. Shangazi alikuwa ameona sawasawa. Katika watu wote waliomtazama mtoto wetu, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba sababu ilikuwa nyuma ya ua na kwamba ilikuwa na mwendo wa siku mbili. Macho yake yalikuwa ya tabibu. Ila alipofika kwenye kigoda cha bibi aliona mjane, hakuona karai.

Bibi alirejea mwishoni mwa Januari. Nilingoja siku nne. Siku ya tano nilizunguka kwa njia ya barabarani, maana nilikuwa nimejizibia ile ya karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alizoea kuongeza "mwanangu." Hakuongeza.

Nilimweleza yote, nikianza na mwembe wetu, kwa woga. Aliendelea kubangua. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo ni korosho."

"Ni korosho, bibi. Na maembe yetu."

Aliweka rungu chini, akanigeuzia viganja vyake. Nilikuwa nimekaa ukuta kwa ukuta naye kwa miaka miwili na sijapata kuvitazama. Vilikuwa vyeusi kama mkaa, vimechanika kwa mistari, na kwenye ncha za vidole ngozi ilikuwa imebabuka na kuota, kubabuka na kuota, hata alama zile ambazo kila mtu huzaliwa nazo zilikuwa zimefutika.

"Mimi hii nimeanza nayo nikiwa kigori," akasema. "Mtoto nilimkataza kushika maganda. Nilimpaka mafuta na majivu, lakini mtoto ni mtoto, akiniokotea. Ungeniuliza, Mwalimu, ningekwambia siku ile ile. Hamkuniuliza. Mliziba."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Nilirudi nyumbani nikaling'oa bati. Misumari miwili ilitoka, miwili ilivunjikia ndani ya nguzo, na imo mpaka leo. Mke wangu alikwenda bombani, akasimama mbele ya ndoo zote, akasema kwamba ni mafuta ya korosho na ni embe letu, si jicho la mtu. Wapo walioamini. Wapo waliosema mwalimu naye kalishwa dawa. Wateja wa kituoni walirudi mmoja mmoja, na sidhani kama walirudi wote.

Tulimnunulia bibi glavu nene za mpira. Alizivaa asubuhi moja, akasema rungu linateleza na joto linamziba pumzi, akarudia mafuta yake ya nazi na majivu. Glavu moja niliiona baadaye ikiwa imefungwa juu ya mdomo wa dumu la maji, kuzuia vumbi. Neno "mwanangu" alilirudisha mwenyewe, mwezi wa Ramadhani, bila ya kutangaza, wakati akinipa bakuli la uji wa pilipili manga nimpelekee mke wangu.

Binti yetu sasa ni msichana mkubwa. Mwembe haukukatwa. Msimu ukifika yeye hukaa mbali kidogo, juu ya mkeka, na mdogo wake wa kiume huokota, huosha, humenya, hunawa kwa sabuni, kisha humkatia. Hutoza ujira: kipande kimoja kwa kila vinne, naye huchagua kile cha karibu na kokwa.